Kwa Baiskeli Katika Milima ya Usambara

Jumamosi moja, mara baada ya Sala ya Alfajiri, tulitoka Lushoto sisi wanne na baiskeli zetu, tukashika njia za vilimani kuelekea Mtae. Kupanda kulituchosha, lakini, ndugu msomaji, hatari ilikuwa katika kuteremka. Mwenzetu aliyetangulia alikaza breki bila kuziachia hata mara moja, mipira ikapata moto, ikaacha kushika, naye akaona heri aangukie majanini kuliko kufika gengeni. Alichubuka kiwiko tu, alhamdulillahi. Toka hapo tulikuwa tukibana na kuachia, breki zipate kupoa, na mwenye mwendo mdogo ndiye aliyeongoza. Jioni tulifika Mtae, tambarare za Mkomazi zimetandaa chini yetu, na yule aliyeanguka ndiye wa kwanza kuuliza kama kesho tutarudi kwa njia ile ile.