Shahidi na Mtazamaji: Wajibu wa Mwandishi wa Habari Mbele ya Mateso

Ikoma ni nchi iliyo ukingoni mwa Hifadhi ya Serengeti, upande wa magharibi, katika Mkoa wa Mara. Tangu hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1951, wapiga picha wengi wamepita huko wakiwafuata nyumbu katika msafara wao wa kila mwaka. Kanuni yao ni moja: mpiga picha haingilii mambo ya mwituni. Simba akimkamata ndama wa nyumbu, yeye hutulia akayaacha mambo yaende. Kanuni hiyo ni njema, kwa kuwa simba naye ana watoto wa kulisha. Lakini yafaa kuuliza kama kanuni iwafaayo wanyama yaweza kutumika pia kwa wanadamu.

Kiswahili chenyewe kina maneno mawili yasiyokuwa na budi kupambanuliwa hapa. Mtazamaji ni mtu atupaye macho tu. Mchezo ukiisha huenda zake, wala hadaiwi neno. Shahidi ni mwingine. Asili ya neno hili ni Kiarabu, nalo limebeba mambo mawili pamoja: kuwapo jambo lilipotokea, na kulisema kwa kweli mbele ya wenye kuamua. Shahidi hudaiwa, na akificha alijualo hulaumiwa. Waandishi wa habari hupenda kuitwa mashahidi. Basi deni la jina hilo halina budi kupimwa.

Liko deni linalolipwa kwa picha yenyewe. Mwezi wa Oktoba 1984, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alipiga picha za njaa huko Korem, Ethiopia, akiwa pamoja na Michael Buerk wa BBC. Kama angaliweka kamera chini akagawa chakula alichokuwa nacho, angaliwashibisha wachache kwa muda mchache. Picha zake zilipoonyeshwa, misaada mikubwa ilichangwa katika nchi nyingi. Hapo kupiga picha ndiko kulikokuwa kusaidia.

Mambo hayakuwa dhahiri hivyo mwezi wa Machi 1993, huko Ayod, katika nchi iitwayo leo Sudan Kusini. Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha ya mtoto aliyeinama chini kwa njaa, na nyuma yake tumbusi ametua. Picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994. Lakini wasomaji wengi waliuliza neno moja tu: mtoto yule alipatwa na nini? Carter alisema kwamba alimfukuza ndege. Hakumbeba mtoto, ingawa kituo cha chakula hakikuwa mbali. Julai 1994 alijiua. Si haki kukitia kifo chake juu ya picha ile peke yake, lakini swali la wasomaji lilibaki.

Katika wilaya za Serengeti na Tarime swali hilo huja kwa sura kali zaidi. Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, huwa ni msimu wa baadhi ya jamii kukeketa wasichana. Hapa mateso hayajatokea bado; yanakuja, na watu wa kijiji huijua siku yake. Tangu 1998 sheria ya Tanzania imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mwandishi aliyepashwa habari mapema, akanyamaza ili asikose picha, hawezi kujitetea kwa mfano wa Korem, maana neno moja kwa mtendaji wa kijiji au kwa polisi lingaliweza kumwokoa msichana. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mwanajamii ajuaye kuwa haki ya mtoto inavunjwa apeleke habari kwa serikali ya mtaa, na mwandishi ni mwanajamii.

Wako wasemao kwamba mwandishi akitoa habari kwa polisi hataaminiwa tena. Milango itafungwa, na desturi itaendelea gizani. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, njia nyingine imekwisha kuonekana. Katika filamu ya In the Name of Your Daughter ya mwaka 2018, Giselle Portenier alisimulia habari za wasichana waliokimbia kisu wakapokewa katika nyumba salama ya Mugumu. Habari iliwafikia watu bila msichana kuachwa mikononi mwa ngariba kwa ajili yake.

Kwa hiyo kipimo si kamera, bali wakati na uwezo. Mateso yakiwa yamekwisha kutokea, au yakiwa makubwa kupita nguvu za mtu mmoja, kuyaandika kwa kweli ni msaada. Yakiwa bado yanakuja, na aliyepo aweza kuyazuia, kuokoa hutangulia na kuandika hufuata. Baada ya hapo deni halijaisha: jina na uso wa msichana huhitaji kusitiriwa, kwa kuwa huenda akarudi kuishi miongoni mwa watu wake. Mpiga picha wa Ikoma aliyemwacha simba ale hakumkosea ndama. Msichana wa kijiji cha jirani ana haki ya kumdai zaidi ya hayo.