Seli ya neva, neva na mshipa: jinsi samaki anavyokurupuka

Samaki anayeuzwa Mabatini, jijini Mwanza, hana tena dalili ya kasi aliyokuwa nayo ziwani. Furu aliye hai hukurupuka mara maji yanapotikiswa ghafla, kama vile sangara anapomvamia. Kitendo hicho huendeshwa na seli za neva, na kukieleza kwa Kiswahili hudai uteuzi wa maneno.

*Seli ya neva*, au *niuroni*, ni seli moja inayopokea taarifa na kuisafirisha kwa mpigo wa umeme. *Neva* ni fungu la nyuzi za seli nyingi za aina hiyo. *Mshipa wa fahamu* ni jina la zamani la neva. Lakini *mshipa* peke yake ni pia njia ya damu. Mfasiri anayeandika *mshipa* tupu humwacha mwanafunzi akidhani kwamba damu ndiyo ipelekayo taarifa.

Katika ubongo wa nyuma wa samaki wengi wenye mifupa zimo seli mbili kubwa, moja kila upande. Huitwa seli za Mauthner, kwa jina la Ludwig Mauthner, aliyezieleza nyuzi zake mwaka 1859. Mshindo ukitokea kushoto, seli ya kushoto hutoa mpigo mmoja. Uzi wake huvuka kwenda kulia, hushuka katika uti wa mgongo na kuikaza misuli ya kulia. Mwili hupinda mithili ya herufi C, kichwa kikiepa hatari. Kisha mkia hupiga maji. Papo hapo seli nyingine humzuilia mwenzake wa upande wa pili, kwani misuli ya pande zote ikikaza pamoja, samaki hawezi kupinda. Kutoka mshindo hadi mwili kuanza kupinda hupita milisekunde 10 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Seli hizo zimechunguzwa pia katika *Astatotilapia burtoni*, jamaa wa furu aishiye Ziwa Tanganyika.

Kitenzi nacho kina uzito wake. *Kutoroka* hudokeza nia na siri: mfungwa hutoroka. *Kukimbia* hakuonyeshi ughafla. *Kukurupuka* hubeba mshtuko na mwendo kwa pamoja, bila kudai kwamba samaki amefikiri kwanza.

Afadhali: Seli moja ya neva ilitosha kumfanya furu akurupuke.
Si vizuri: Mshipa wa furu uliamua kutoroka.