Wakili asiyetaka kujua kama mteja wake ni mwizi

Hakuna wakili wa kesi za jinai ambaye hajaulizwa swali hili, iwe harusini, msibani au kijiweni: hivi unawezaje kumtetea mtu ambaye unajua kabisa kwamba ni mwizi? Wengi hucheka tu na kubadili mazungumzo. Jibu bora nililowahi kulisikia halikutoka kwa wakili wa kweli bali kwa mzee mmoja wa kubuni, Horace Rumpole, wa tamthilia ya Uingereza iitwayo Rumpole of the Bailey.

Rumpole alionekana kwanza katika mchezo mmoja wa BBC mwaka 1975. Miaka mitatu baadaye Thames Television ilimchukua, ikamrusha hewani kwa misimu saba, hadi 1992. Aliyemwigiza ni Leo McKern, Mwaustralia mwenye sauti nzito na jicho moja la kioo, na alimvaa mhusika huyo kiasi kwamba hadi leo ni vigumu kumfikiria mtu mwingine katika joho lile. Joho lenyewe limechakaa. Wigi ni la mtumba, lilianzia kichwani mwa mwanasheria mkubwa wa Tonga. Kesi ikiisha, mzee anateremka kwenye baa ya Pommeroy kunywa mvinyo mwekundu wa bei ya chini, kisha anarudi nyumbani kwa mkewe, Hilda, ambaye asipokuwapo mzee humwita "Yule Ambaye Lazima Atiiwe". Jina hilo ni la malkia wa kutisha katika riwaya ya Rider Haggard, mwandishi yuleyule ambaye wasomaji wetu wa zamani wanamjua kwa Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Ili kumwelewa Rumpole inabidi kuelewa kwanza jinsi mawakili wa Uingereza wanavyopata kazi. Huku kwetu anayeshitaki ni wakili wa serikali, mwajiriwa wa serikali. Kule mawakili wa mahakamani hujitegemea, hukaa pamoja katika ofisi zinazoitwa chemba, na karani ndiye anayewagawia kesi, makabrasha yakiwa yamefungwa utepe wa waridi. Wiki hii unaweza kumtetea mshtakiwa, wiki ijayo ukalipwa kumshitaki mwingine. Wenzake Rumpole katika chemba hawaoni shida yoyote katika hilo. Rumpole mwenyewe kwa kawaida haendi upande wa mashtaka. Karibu siku zote anatetea, ndiyo maana wenzake wanapanda vyeo na yeye anabaki na wezi wa mitaani.

Wateja wake wakubwa ni ukoo wa akina Timson wa kusini mwa London, vibaka wa kurithishana ambao wanauona wizi kama wengine wanavyouona useremala. Kipindi cha kwanza cha mwaka 1978 kinamhusu kijana wao, Jim, anayeshitakiwa kwa unyang'anyi, na shahidi anayedai kwamba Jim alikiri mbele yake anatoka kwa akina Molloy, ukoo hasimu. Unacheka kuanzia mwanzo, lakini kuna jambo linalokukera chini ya kicheko: mzee akishinda, kijana anarudi mikononi mwa walewale watakaomfundisha kazi. Mwandishi haoneshi njia ya kulikwepa.

Kipindi ninachokiona bora kuliko vyote ni cha pili, "Rumpole and the Alternative Society". Mwalimu mmoja kijana, Kathy Trelawny, anashitakiwa kwa kuuza bangi. Aliyeinunua ni polisi aliyejifanya mnunuzi wa kawaida. Rumpole anampenda yule binti kama mzee anavyoweza kumpenda mtu ambaye hatampata, na kesi anaiona: polisi ndiye aliyemsukuma atende kosa. Anajiandaa, anachangamka, miaka inampungua usoni. Kisha binti, kwa uaminifu tu, anamwambia ukweli. Ndiyo, niliuza, nilihitaji fedha kwa ajili ya kaka yangu aliyefungwa Uturuki.

Mtazame McKern katika dakika hiyo. Hapandishi sauti. Uso wote unateremka. Wakili akishaambiwa na mteja kwamba ametenda kosa, hawezi tena kusimama mbele ya mahakama kujenga hadithi anayojua ni ya uongo. Mzee ambaye kaulimbiu yake ni kutokubali kosa kamwe, sasa inabidi amshauri mteja wake akiri, na binti anakwenda jela. Angenyamaza, huenda angetoka huru. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kijiweni. Wakili mzuri haulizi "ulifanya?" kwa sababu hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kuuliza upande wa pili: mnathibitishaje?

Na upande wa pili si safi siku zote. Katika "Rumpole and the Learned Friends" mzee anadiriki kusema waziwazi kwamba inspekta amembambikia mteja ushahidi. Anayejikuta matatani ni yeye, kwa kukosa adabu mbele ya jaji. Msomaji wa hapa hahitaji kufafanuliwa kubambikiwa kesi ni nini.

John Mortimer aliyeandika yote haya hakuwa mgeni wa mahakama. Alianza uwakili mwaka 1948, na mwaka 1971 aliwatetea wahariri wa jarida la Oz walioshitakiwa kwa uchafu wa maandishi. Alikwenda pia Nigeria kufuatilia kesi ya Wole Soyinka katika miaka ya sitini. Safari ile naiona nyuma ya "Rumpole and the Golden Thread", ambamo mzee anasafiri hadi nchi ya kubuni ya Afrika, Neranga, kumtetea waziri anayekabiliwa na kitanzi. Nikiri kwamba Afrika ya kipindi hicho imechorwa kwa kalamu nene mno, na vichekesho vyake vingine havichekeshi ukivitazama ukiwa upande huu.

Lakini huo uzi wa dhahabu wa kwenye jina la kipindi (Golden Thread) ni wetu pia. Maneno hayo yanatoka kwenye hukumu ya mwaka 1935. Reginald Woolmington, kibarua wa shamba mwenye umri wa miaka 21, alimpiga mkewe risasi akasema ni ajali. Jaji aliliambia jopo kwamba ni juu ya mshtakiwa kuthibitisha ajali hiyo, na kijana akahukumiwa kunyongwa. Kwenye rufaa, jaji Lord Sankey na wenzake wakaitengua: anayeshitaki ndiye anayethibitisha, na huo ndio uzi wa dhahabu. Kijana akaenda nyumbani. Hukumu hiyo inanukuliwa mpaka leo katika mahakama za Afrika Mashariki, na msingi wake umo katika Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), na ya Kenya, ibara ya 50(2)(a).

Misimu ya mwisho imechoka, sitakudanganya. Visa vya wivu na vyeo ndani ya chemba vinajirudia, na majaji wanakuwa vikaragosi. Kama una jioni mbili tu, tazama kipindi cha Jim Timson na kile cha Kathy Trelawny, kwa mpangilio huo. Na siku nyingine ukikutana na wakili harusini, muulize swali lingine.