Kabla ya Kununua Chokaa: Jinsi ya Kupima Plasta ya Chini ya Ukuta katika Nyumba za Mji wa Kale

Kila masika yanapopita, kuta nyingi za Mji wa Kale hubaki na alama zile zile. Rangi huvimba, unga mweupe hutokea juu ya plasta, na vipande huanza kudondoka kuanzia chini karibu na sakafu au barabara. Mara nyingi mwenye nyumba humwita fundi, fundi hutaja idadi ya mifuko ya saruji, na kazi hufanyika kwa siku chache. Baada ya misimu miwili au mitatu alama hurudi, na safari hii hupanda juu zaidi.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na jinsi mkaazi anavyoweza kupima na kukadiria vifaa mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KWA NINI UKUTA HUHARIBIKA KUANZIA CHINI

Nyumba za zamani za Ndia Kuu, Kibokoni na mitaa ya jirani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Kuta zake ni nene, aghalabu karibu nusu mita au zaidi, na chini yake hakuna karatasi ya kuzuia maji kama ilivyo katika majengo ya leo. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Maji hayo hubeba chumvi. Yanapofika usoni mwa ukuta hukauka, na chumvi hubaki ikiganda na kusukuma plasta nje.

Plasta ya chokaa huruhusu unyevu kutoka. Ikiharibika, huharibika yenyewe na jiwe husalimika. Plasta ya saruji huufungia unyevu ndani. Maji yasipopata njia ya kutoka hupanda zaidi, na udongo unaoshika mawe hulainika bila mtu kuona. Ndiyo maana katika nyumba hizi mkanda wa chini wa ukuta unafaa kupigwa kwa chokaa na mchanga, si saruji.

ZIBA CHANZO KWANZA

Usipime kitu kabla ya kuzunguka nyumba ukitafuta maji yanakotoka. Angalia bomba la mvua lililopasuka, mfereji ulioziba, maji ya mashine ya baridi yanayodondokea ukutani, na karo linalovuja. Angalia pia kama kichochoro kimeinuliwa kikawa juu ya sakafu ya ndani. Plasta mpya juu ya bomba linalovuja ni fedha iliyotupwa.

VIPIMO UNAVYOHITAJI

Chukua futi ya utepe, chaki, ubao mrefu ulionyooka, kalamu na karatasi.

1. Urefu wa ukuta. Pima pande zilizo wazi tu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimeshikana na jirani, kwa hivyo usihesabu pande zote nne.

2. Kimo cha mkanda. Tafuta alama ya unyevu iliyo juu kuliko zote, uipige chaki, kisha ongeza sentimita 30. Plasta inayokoma pale pale penye alama itaacha sehemu mbovu juu yake.

3. Milango na madirisha. Toa sehemu iliyo ndani ya mkanda pekee. Dirisha linaloanzia juu ya mkanda halitolewi. Kama mlango umeingia ndani ya ukuta, pima pia mashavu yake uyaongeze.

4. Baraza. Toa sehemu ya ukuta inayofichwa na baraza, kisha ongeza uso wa mbele, juu na pembeni.

5. Unene. Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hukisahau. Mahali palipobanduliwa plasta, simamisha ubao uguse mawe yaliyojitokeza, kisha pima nafasi iliyobaki nyuma yake katika sehemu tano. Jumlisha, gawanya kwa tano, halafu ongeza sentimita moja ya kufunika mawe yaliyojitokeza.

MFANO WA HESABU

Tuchukue nyumba yenye mita 8 upande wa barabara na mita 12 upande wa kichochoro. Jumla ni mita 20. Unyevu umefika sentimita 90, kwa hivyo kimo cha mkanda ni mita 1.2. Mara 20, tunapata mita 24 za mraba.

Mlango mkubwa una upana wa mita 1.2 na ule wa kando mita 0.9. Kwa kimo cha mita 1.2, tunatoa mita 2.52 za mraba. Zinabaki 21.48.

Baraza lina urefu wa mita 3, kimo cha mita 0.5 na upana wa mita 0.6. Mbele ni mita 1.5 za mraba, juu ni 1.8, na pembeni zote mbili ni 0.6. Jumla ni 3.9. Tukitoa 1.5 za ukuta uliofichwa, tunaongeza 2.4. Jumla kuu ni 23.88, tuseme mita 24 za mraba.

Nafasi tano nyuma ya ubao zilikuwa sentimita 0.5, 1, 2.5, 2 na 1.5. Wastani ni 1.5, na tukiongeza sentimita moja, unene ni sentimita 2.5. Hivyo 24 mara 0.025 ni mita 0.6 za ujazo. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya kinachodondoka na kinachoingia kwenye nyufa, na utapata mita 0.72 za ujazo, yaani lita 720.

KUTOKA MITA HADI NDOO

Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga. Hapa ndipo hesabu hukosewa. Wengi hugawanya jumla kwa nne, kisha mchanga huwapungukia. Chokaa iliyolowekwa haiongezi ujazo sana, bali hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Kwa hivyo, kadiria mchanga kuwa sawa na jumla yote, na chokaa kuwa theluthi yake.

Katika mfano wetu:
- Mchanga: lita 720, yaani ndoo 36 za lita 20.
- Chokaa iliyolowekwa: lita 240, yaani ndoo 12.

Ili kujua mifuko, nunua mmoja kwanza, uuloweke hadi uwe rojo zito, kisha hesabu ndoo. Ikiwa umetoa ndoo mbili, utahitaji mifuko sita. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka chokaa ya kujengea.

Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa. Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima yenye chumvi yataingiza ukutani ugonjwa ule ule unaoutibu.

Ukiongeza unene kwa sentimita moja tu, nyumba hii ingehitaji zaidi ya ndoo 14 za ziada za mchanga. Kwa hivyo usimlazimishe fundi kunyoosha ukuta wa zamani uwe kama kioo. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa. Vilevile usiagize mchanga kupita kiasi, kwani lori haliingii vichochoroni, na mchanga unaobaki nje huishia mferejini mvua inaponyesha.

RUHUSA NA USALAMA

Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, na Fort Jesus iliyo mlangoni pake iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2011. Kabla ya kubandua plasta ya nje, fika katika Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na katika idara ya mipango ya kaunti uulize kuhusu ruhusa. Kama nyumba ni ya wakfu au ya mirathi, kubalianeni mapema nani atalipa.

Ukiona ukuta umefura, una ufa mpana au mawe yanatikisika, usibandue chochote. Mwite mhandisi kwanza. Hata kwenye ukuta mzima, bandueni kipande kifupi kifupi, si upande wote kwa mara moja.

Chokaa huchoma macho na ngozi. Vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na uende hospitali mara moja.

Plasta ya chokaa haitaki haraka. Lowesha ukuta kabla ya kuanza, piga tabaka mbili nyembamba, na uache angalau wiki moja kati yake. Funika kwa magunia yenye unyevu ili jua lisiikaushe ghafla. Mwishowe ipake chokaa, si rangi ya mafuta inayofunga ukuta upya.

Vipimo vyako vyote viandike kwenye karatasi moja: urefu, kimo, unene, ndoo na mifuko. Mpe kila fundi karatasi hiyo hiyo kabla hajataja bei. Hapo utalinganisha bei za kazi moja, na mabishano ya vifaa kuisha katikati ya kazi yatapungua.