Jinsi ya kupima katuni yako ya penseli kwenye kompyuta: Windows, Mac na Linux

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee kitu kilichonikosesha usingizi siku mbili mfululizo. Kama kuna kijana anayesoma hapa kutoka kwenye kafe ya mtaani kwake na ana ndoto ya kutengeneza katuni zinazotembea, basi hii ni ya kwake. Asome mpaka mwisho, itamwokolea hela.

Kisa chenyewe ni hivi. Mdogo wangu wa kike anachora, na anachora kweli kweli. Alisikia kuna watu wanatafuta vijana wa kuwafundisha kazi ya katuni, sharti uwapelekee kipande kifupi ulichokitengeneza mwenyewe, mwisho wa kupokea Jumatatu. Ijumaa jioni akanijia na rundo la karatasi 60: binti amebeba ndoo ya maji kichwani, anatembea, anajikwaa, anaidaka ndoo kabla haijamwagika. Akaniambia, "Kaka, nataka nianze kupaka wino usiku huu." Nikamuuliza, "Umeshaiona inatembea?" Akanyamaza.

Hapo ndipo penye somo. Kabla ya wino na rangi, mchoraji hupima mistari: anapiga picha michoro ya penseli kama ilivyo, anaichezesha kwa kasi inayotakiwa, anaangalia kama mwendo unakubali. Sio jambo jipya hata kidogo. Studio ya Walt Disney kule Marekani ilikuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1930, wakipiga michoro ya penseli kwenye filamu na kuitazama ndani ya chumba kidogo walichokiita "sweatbox", maana mchoraji alikuwa akitoka jasho humo akisubiri kukosolewa. Sisi leo hatuhitaji filamu. Simu yenye kamera, kompyuta na programu ya bure vinatosha.

Hesabu yake ni rahisi. Filamu ya kawaida inakimbia fremu 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi humpa kila mchoro fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12. Karatasi 60 za mdogo wangu ni sekunde 5 tu. Sekunde tano, jamani! Na ukikosea, unarudia.

Programu niliyoichagua inaitwa Pencil2D. Ni ya bure, inapatikana pencil2d.org, na ina matoleo ya Windows, Mac na Linux. Nimeihangaikia kwenye mifumo yote mitatu ndani ya siku mbili, kwa hiyo ninayoyasema hapa yamenitokea.

WINDOWS (ndiyo mliyonayo wengi)

Kwanza jua kompyuta ni ya biti 32 au 64. Bofya kulia kwenye "This PC" au "My Computer", chagua "Properties", soma palipoandikwa "System type". Toleo la biti 64 halifunguki kwenye mashine ya biti 32, usipoteze vocha yako kulipakua.

Ukipakua faili la zipu, USIIFUNGUE programu ukiwa ndani ya zipu. Bofya kulia, chagua "Extract All", folda lote litoke. Mimi niliingia kichwa kichwa, nikabofya humo humo, ikaniambia kuna mafaili hayapo. Kosa jingine ni kuichomoa ile programu peke yake na kuiweka kwenye flashi. Ndani ya folda kuna vitu vinavyoisaidia kutoa video, ukivitenganisha utachezesha katuni lakini siku ya kuitoa itagoma. Folda lote liende pamoja.

Uzuri wake ni kwamba hili la zipu halihitaji kusakinishwa. Kwenye kafe mwenye mashine hakupi nywila ya msimamizi, nawe huihitaji: inafunguka kutoka kwenye flashi yako. Windows ikitoa lile bango la bluu la kukulinda, hakikisha kwanza umepakua kwenye tovuti yenyewe, kisha bofya "More info" halafu "Run anyway".

Ukikutana na mashine ya kale yenye Windows XP, Pencil2D ya sasa haitafunguka. Hapo kuna mzee mwingine anaitwa MonkeyJam. Ni programu ya Windows ya miaka ya 2000, nyepesi, ilitengenezwa kwa kazi hii hii ya kupima mistari. Inaingiza picha au inapiga kwa kamera ya kompyuta, na kutoa faili la AVI. Mimi ninayo kwenye CD yangu ya zamani na bado inapiga mzigo.

MAC

Jamaa yangu mmoja ana Mac, nikamwomba nusu saa. Kuweka ni kufungua zipu na kuiburuta programu kwenye folda la "Applications". Tatizo ni kwamba Mac ina wivu: programu asiyoijua mwenyewe anaikatalia. Kwenye mifumo ya zamani unashika "Control", unabofya, unachagua "Open". Kuanzia macOS Sequoia ya mwaka 2024 njia hiyo imefungwa. Unajaribu kuifungua, ikikataliwa unaenda "System Settings", kisha "Privacy & Security", unashuka chini na kubofya "Open Anyway". Basi.

LINUX

Hapa ndipo nilipotoka jasho la sweatbox. Kama mashine ni yako na una Ubuntu, andika hivi kwenye terminali:

sudo apt install pencil2d

Itajileta yenyewe, ingawa wakati mwingine ni toleo lililopitwa kidogo. Ukitaka jipya, pakua lile la AppImage. Hilo nalo halisakinishwi. Bofya kulia, ingia "Properties", ruhusu faili liendeshwe kama programu, kisha libofye.

Mitego ni miwili. Wa kwanza: flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT, na Linux haiwezi kutunza ile ruhusa humo. Utaweka alama, itajifuta. Hamishia faili kwenye folda la "Home" kwanza. Wa pili: Ubuntu kuanzia 22.04 haiji na kitu kinachoitwa libfuse2, na AppImage nyingi zinakihitaji. Ukibofya na kimya kikatawala, tatizo huenda ni hilo. Andika sudo apt install libfuse2 (kwenye 24.04 jina ni libfuse2t64). Kama huna nywila ya msimamizi, hapo mwite mwenye kafe, ongea naye vizuri.

SASA PICHA ZENYEWE

Simu ifunge juu ya vitabu, isitikisike, na karatasi zote zikae pale pale. Sisi tulibandika vipande viwili vya kadibodi mezani vikatengeneza kona, kila karatasi inasukumwa mpaka ifike konani.

Halafu punguza ukubwa wa picha. Hili wengi hawalijui, wanalaumu programu. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na kila pikseli ikifunguliwa inakula baiti 4. Ni kama MB 48 kwa picha moja. Zidisha mara 60, unapata karibu GB 2.9. Mashine ya kafe yenye RAM ya GB 2 itaganda hapo hapo. Zipunguze ziwe 960 kwa 720, zote 60 zinakula kama MB 166 tu, na kwa kuangalia mwendo zinatosha kabisa. Kwenye Windows tumia IrfanView, inapunguza zote kwa mpigo. Kwenye Mac zifungue zote kwa Preview, uchague "Adjust Size".

Zipe majina ya namba zilizojaa: 001, 002, 003. Kwenye Pencil2D nenda "File", "Import", uchague ile ya mfululizo wa picha. Itakuuliza kila picha iingie baada ya fremu ngapi, jaza 2. Kasi iweke 24. Bonyeza kucheza.

Onyo kubwa la kafe: mashine nyingi zimegandishwa. Ukiwasha upya, kila ulichohifadhi kinafutika. Jumamosi mchana umeme ulikatika tukiwa tumeshapunguza picha zote, uliporudi folda halipo. Nilitamani kulia. Bahati nzuri picha halisi zilikuwa bado kwenye simu. Kwa hiyo hifadhi kwenye flashi kila baada ya dakika chache, na ukifika nyumbani ipime virusi.

ILIKUWAJE MWISHO

Jumapili saa kumi tukabonyeza kucheza. Yule binti akatembea! Mdogo wangu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Halafu tukaangalia mara ya pili, tukaona mambo. Ndoo ilikuwa inaruka kidogo katikati, kumbe karatasi ya 31 na ya 32 zilipishana. Mguu wa kushoto ulikuwa unateleza kama yuko kwenye sabuni. Na pale anapojikwaa, alikuwa anaidaka ndoo haraka mno, huwahi hata kuogopa kwamba itamwagika.

Tulipanga upya zile mbili, akachora karatasi nne mpya, akaongeza mbili za ndoo ikiyumba. Usiku ule ndipo akapaka wino. Angeupaka Ijumaa, angepeleka kosa lililopakwa wino.

Kazi ilifika Jumatatu saa sita mchana. Mpaka naandika hapa hatujapigiwa simu, na kila simu ikilia nyumbani watu wanaangaliana. Lakini karatasi za katuni ya pili ameshaanza kuzikata, na safari hii kasema anapima kwanza.

Aliyekwama mahali aandike hapo chini anatumia mfumo gani na kompyuta imemwambia nini, neno kwa neno. Na mwenye njia fupi zaidi ya Linux atupe, tusimbanie elimu mwenzetu.