Mizani ya Pamba na Mkataba wa Kusafisha Vioo (Sehemu ya Nne)

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe Juni 19, 2025, kampuni ndogo za usafi za Mwanza zinaweza kufuata kazi Sengerema na Geita bila kupanga foleni ya kivuko. Ni jambo jema. Kinachonikera ni namna kazi zenyewe zinavyopokewa: meneja anapiga simu, bei inatajwa "kwa mwezi", ngazi inapakiwa garini. Wiki iliyopita tuliona kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua makubaliano ya mdomo. Ruhusa hiyo imewaponza wengi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wameshajua ninakoelekea: kwenye mizani ya pamba. Kabla ya ushirika kushika hatamu, mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kituoni, mnunuzi akaipima kwa mizani yake mwenyewe, akasoma uzito mwenyewe, akalipa alichosoma. Ukibisha, beba mzigo wako urudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao pale vituoni, watu wasiolipwa na mnunuzi. Paul Bomani, aliyewahi kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui kisha akasimamia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza, aliivalia njuga hoja hiyo, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Husimuliwa kama ushindi wa umoja, na ni kweli. Lakini umoja ule ulianza na dai dogo sana: namba isisomwe na upande mmoja.

Wajukuu wa wakulima hao leo wanakwangua vioo ghorofa ya nne na kumwachia mteja aseme kazi ilikuwa kiasi gani. Huo ni uvivu, na tusiuite uaminifu.

Sheria haimtupi mtu kama huyo. Kifungu cha 70, tulichokirithi kutoka sheria ya India ya 1872 iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1920, kinamtaka aliyefaidi kazi isiyofanywa bure amfidie aliyeifanya. Ila mahakama itakupa thamani inayoona inafaa, nawe utakuwa umezunguka miezi ukitafuta mashahidi.

Sasa vioo, maana nafasi inaniishia. Usiandike "vioo vyote". Andika idadi kwa kila ghorofa, nje au ndani, pamoja na fremu au bila fremu. Kabla ya siku ya kwanza, zungukeni jengo na mwakilishi wa mteja, mwandike vioo vyenye ufa, msaini wote wawili. La sivyo kila ufa utakuwa wako. Andika maji yanatoka kwa nani, nauli ya kuvuka daraja iko juu ya nani, ankara inapelekwa kwa nani na inalipwa ndani ya siku ngapi, na kila upande utatoa notisi ya muda gani ukitaka kuachana. Wafanyakazi wako wawe wamesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mkataba useme hivyo.

Kwa majengo ya ufukweni, kuanzia Capri Point hadi Kirumba, kuna kipengele ambacho hutakipata kwenye fomu zinazonakiliwa kutoka Ulaya. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi huibuka zaidi siku chache baada ya mwezi mwandamo, hufuata taa na kuganda kwenye vioo. Ukisafisha leo, kesho utaitwa tena "umalizie kazi". Panga ratiba kwa kuangalia mwezi, na utaje bei ya kuitwa tena.

Andaa nakala mbili za Kiswahili, zilizosainiwa kila ukurasa. Lipa ushuru wa stempu mapema, kwani hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru wenyewe na adhabu yake vilipwe. Wiki ijayo: mteja anayevunja mkataba katikati ya mwaka.