Rangi Isiyopakwa na Fundi

Msomaji mmoja ametuuliza: ile nyumba ya mapumziko iliyojengwa mwaka 1965 huko Sea Ranch, katika pwani ya California, ambayo kuta zake za mbao za msekwoya hazikupakwa rangi, iligeukaje kijivu cha fedha ikashabihiana na majabali na nyasi zake, wala isioze?

Habari za wasanifu wake, Charles Moore, Donlyn Lyndon, William Turnbull na Richard Whitaker, pamoja na za Lawrence Halprin, aliyeuchunguza upepo wa nchi ile hata mapaa yakainamishwa kama miberoshi yake ilivyoinama, ni mashuhuri, nami sitazirefusha. Ajabu yenyewe imo katika ngozi ya ubao.

Ubao ni mithili ya nyumba ya udongo. Fito zake ni selulosi, nyuzi nyeupe zenye nguvu. Na udongo uliojazwa baina ya fito ni lignini, maada ya hudhurungi ambayo mimi napendelea kuiita kandiko. Miale ya jua ya urujuanimno, ambayo fito haziinywi ila kidogo, kandiko huinywa kwa pupa, hata viungo vyake vikakatika na udongo ukalegea. Kisha ikaja mvua ikauosha, fito zikabaki uchi. Hapo huingia kuvu, aghalabu ile iitwayo *Aureobasidium pullulans*, ikala mabaki na kuzitia fito weusi wake. Na weusi ule ukichanganyika na weupe ndicho hicho kijivu. Na kama kandiko la nyumba lisalimikavyo chini ya upenu, ndivyo ubao usiofikiwa na mvua usaliavyo na hudhurungi yake, ukuta ukawa na mabaka. Amma nyumba ya Sea Ranch haina upenu, kwani wajenzi hawakutaka upepo upate pa kushika. Na kwa hivyo jua na mvua vimeufikia ukuta mzima, juu hata chini.

Urujuanimno haupenyi zaidi ya kama sehemu 75 za elfu za milimita, na ubao laini hulika takriban milimita 6 tu kwa miaka 100. Kuoza ni jambo jingine, la ubao unaokaa na maji. Maadamu ukuta wakauka, hapana hofu. Basi mwenye kutaka nyumba yake iafikiane na pwani, na aufikirie upenu kabla ya kulifikiria kopo la rangi.